Mdoli wa serikali alilala kwenye nailoni, wanafunzi wangu wakajifunza kwa mbao ya jakaranda

Wakuu, niaje.

Mimi humu huwa msomaji tu, nasoma ya watu nikicheka peke yangu hapa mtaani Tena, Nairobi. Leo naandika yangu. Sijaongeza chumvi hata kidogo. Nilichoficha ni jina la chuo, kwa sababu bado nina kesi nacho.

Mimi ni technologist kwenye skills lab ya wauguzi katika chuo kimoja cha umma. Kwa lugha rahisi, ni chumba ambacho mwanafunzi hujifunzia kazi ya wodi kabla hajamgusa mtu. Kudunga sindano, kufunga kidonda, kuzalisha. Chuoni wananiita Madam Akoth, mtaani Mama Felix. Niko kwa contract, mlikumbuke hilo.

Sasa, serikali ilitoa pesa za kuboresha ufundishaji vyuoni. Nasi tukaomba. Niliketi na HOD wetu, yaani mkuu wa idara, daktari msomi kweli, tukaandika mahitaji ya idara pamoja.

Tukapata mdoli wa kuzalishia. Si wa kuchezea, wakuu. Ni mwili mzima wa mama, wa umeme, anapumua, anatoka damu ya bandia, na mtoto anakuja amegeuka vyovyote utakavyo. Siku lori lilipomleta nilipiga kigelegele peke yangu kwenye korido.

HOD akanikabidhi ufunguo wa stoo. Akasema mdoli asifunguliwe mpaka siku ya uzinduzi.

Wasiojua mambo ya ofisi zetu niwaeleze. Kitu cha serikali hakianzi kazi mpaka mkubwa aje akate utepe. Hata choo. Kikitumiwa kabla ya hapo, eti hakitaonekana kipya kwenye picha.

Mkubwa wa kwanza alikuwa safarini. Wa pili akapata udhuru. Kisha wahadhiri wakagoma. Semester mbili zikapita mama wa watu amelala kwenye nailoni.

Na wanafunzi je? Walijifunza kuzalisha kwa mtungi wa mafuta ya kupikia tuliokata chini, na mtoto alikuwa soksi iliyojazwa vitambaa. Nilienda kwa HOD mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Madam, hii kitu ni sensitive. Vumilia kidogo."

Niliudhika, lakini ufunguo ulibaki mfukoni mwangu. Hapo niliogopa, sitaki kujipamba.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja, Mwende, ambaye pia ni jirani yangu. Baba yake ni mchongaji wa vinyago, Mkamba, ana kibanda chake mtaa wa Baba Dogo. Mwende alimsimulia habari za mtungi. Jumamosi moja mzee akabisha mlangoni kwangu na daftari mkononi.

"Mama Felix, hebu nionyeshe picha ya hiyo nyonga. Kichwa ya mtoto inapita wapi?"

Nikamfungulia kitabu. Mtu aliyechonga twiga maisha yake yote akaanza kupima nyonga ya mwanamke kwa kamba, tena kwa heshima zote, miwani puani.

Nyonga ya kwanza ya mbao aliichonga pana mno. Mtoto akapita akiteleza kama sabuni. Nikamwambia, "Baba Mwende, hakuna mwanamke ako na bahati kama hiyo!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Ya pili ilikuwa sawa kabisa. Jakaranda, imelainishwa ndani kwa msasa, na mtoto wa kitambaa mwenye kichwa cha mbao. Alikubali chai tu.

Darasa zima lilijifunzia mbao hiyo. Ilishikwa mpaka ikang'aa.

Halafu ikaja barua. Wakaguzi wa mradi wangefika Alhamisi kuona kama ile pesa ya serikali inawasaidia wanafunzi.

Sasa ndipo ofisi ikaamka! Nailoni ikatolewa, vumbi likapanguswa. Jumatano HOD akaja na register ya matumizi ya mdoli, ya semester mbili, imejazwa tayari. Majina ya wanafunzi, saa, tarehe. Nyingine ni tarehe za mgomo, lango la chuo likiwa limefungwa kwa mnyororo. Kilichobaki ni sahihi yangu.

"Madam Akoth, ni kusign tu. Tukikosa phase two ya hii pesa, hawa watoto ndio wataumia."

"Wameshaumia, daktari."

"Unajua contract yako inaisha lini?"

"Najua. Na sisign."

Aliondoka bila kufunga mlango. Baadaye akaagiza mbao ifichwe, nikaiweka chini ya meza yangu. Wanafunzi nao wakaambiwa: mkiulizwa, semeni mmekuwa mkitumia mdoli kila wiki.

Mwende akanifuata jioni hiyo. "Madam, nikisema ukweli watanikalia ngumu. Nikidanganya, Monday naingia maternity na hiyo uongo yangu." Nilimwambia ajibu kile ambacho moyo wake utaweza kukibeba. Nilijua nimemtwika mtoto wa watu mzigo wangu, na niliona haya.

Alhamisi wakaja. Kiongozi wao alikuwa mama mtu mzima, mkunga wa zamani. Register hakuitazama mara mbili. Alimwita Mwende mbele.

"Msichana wangu, niwashie huyu mama. Halafu unionyeshe vile unafanya bega la mtoto likikwama."

Mwende akamzunguka mdoli akitafuta swichi. Akainua shuka, akapapasa ubavuni. Hapo nikagundua hataambulia kitu, maana waya wa umeme ulikuwa bado ndani ya tumbo la mdoli, umefungwa kwa selotepu ya kiwandani. Kwenye haraka ya kupangusa vumbi hakuna aliyekumbuka kwamba mdoli huyo huchajiwa. Msichana akanitazama, machozi yamemjaa.

Nikasimama.

"Mama, huyu mdoli hajawahi kutumiwa tangu afike. Wanafunzi wamejifunzia hii." Nikaitoa mbao chini ya meza.

HOD aliita jina langu polepole, vile unavyomwita mtoto anayesogelea jiko. Sikugeuka.

Mkaguzi akapitisha vidole ndani ya mbao. "Nani alichonga?"

"Ni babangu," Mwende akasema, na sauti yake ikarudi.

Akapiga magoti akaonyesha. Akaeleza jinsi magoti ya mama yanavyokunjwa kuelekea kifuani, akaingiza mkono, akautafuta mkono wa nyuma wa mtoto, akautoa kwanza, bega likafuata. Mkaguzi akamwambia arudie. Akarudia.

"Huyu mwingine mfungueni leo," mkaguzi akasema.

Selotepu ikakatwa, mdoli akaanza kazi siku hiyo hiyo bila utepe. Phase two imesimamishwa mpaka idara ieleze ile register. Nami nikapewa barua ya show cause: nieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuaibisha taasisi.

Wenzangu wananisihi. "Andika tu pole, iishe." Mmoja amesema nimewanyima wanafunzi phase two. Hilo linaniuma, siwafichi, nimelifikiria mpaka nikiosha vyombo. Lakini vifaa vya phase two navyo vingekaa wapi? Si stoo ile ile?

Siombi msamaha. Nina watoto wawili na nyumba ya kupanga, na bado siombi.

Jana mchana Mwende akanitumia ujumbe kutoka wodini: "Madam leo bega ilikwama kweli. Sister wa wodi alikuwa kando yangu akaniambia nisiogope. Mikono ilijua. Mtoto amelia. Mwambie baba, siko na credit ya kumpigia."

Nilienda kwao mbio na slippers. Nikamsomea mzee ujumbe wote. Aliweka kikombe cha uji chini, akauliza, "Kwa hivyo kipimo ilikuwa sawa?"

Nikamwambia ilikuwa sawa. Tukalia wote wawili kama wajinga.

Jibu langu nimeshaliandika, ni mstari mmoja: mdoli alinunuliwa afundishe, nami nilikataa kutia sahihi kwamba amefundisha. Ujumbe wa Mwende nimeuambatisha chini yake. Kesho asubuhi nalipeleka kwa mkono wangu.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kosa langu halikuwa kusema ukweli Alhamisi. Kosa langu lilikuwa kukaa na ufunguo mfukoni semester mbili nikimngojea mkubwa.

Mnaotaka kunilaumu, karibuni, nitawajibu mmoja mmoja. Ila mnaofanya kazi vyuoni, mtuambie kwanza: kwenu ni kitu gani kimelala kwenye nailoni, na ufunguo anao nani?