Wakili wa serikali na kesi aliyoivunja mwenyewe

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi. Katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba ya mji, mwanamke aliyevaa joho jeusi la kuazima anapiga meza kwa kiganja, anamnyooshea kidole mtu aliyesimama kizimbani na kupaza sauti mpaka njiwa wanaruka kutoka kwenye mabati.

Kwenye safu ya pili ya viti vya plastiki, mwanamke mwingine amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Simama kidogo, mwanangu," anasema. "Nani amekwambia mimi nilipiga meza?"

Mwigizaji anashusha mkono. Mwongozaji wa mchezo, kijana mpole mwenye miwani, anavuta pumzi ndefu. Asubuhi hii mazoezi yameshasimamishwa mara kadhaa, na sehemu ya kwanza ya mchezo bado haijaisha.

Aliyeketi ndiye wakili wa serikali mwenyewe, yule anayeigizwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yake imekuwa kusimama mahakamani kwa niaba ya upande wa mashtaka. Makarani wamembandika jina la Kielelezo, kwa sababu popote anapoingia huanza kwa kuuliza kielelezo kiko wapi: kisu kiko wapi, shati liko wapi, nani alilitunza, na kwa nini mfuko haukufungwa. Jina hilo halimkeri. Yanayomkera ni mengine, na ni mengi.

Kwanza, hilo joho. Anasema joho lake halijawahi kupepea namna ile, maana limechakaa na lina kiraka kwapani. Pili, viatu virefu. Tatu, hayo mapingamizi. Katika mchezo huu mawakili wanarushiana mapingamizi kama watoto wanaorushiana mawe. Amemweleza mwigizaji kwamba akipinga vile mbele ya jaji wa kweli, ataulizwa kama ana homa.

"Kazi yangu ni ya kuchosha," anasema wakati wa mapumziko, akipuliza chai kwenye kikombe cha bati. "Ni kusubiri. Unasubiri shahidi, shahidi haji. Anakuja, daktari yuko likizo. Daktari anarudi, mashine ya kunakili haina wino. Jaji anaahirisha. Sasa hawa wanataka niwe napiga meza. Meza yenyewe ofisini kwangu haina mguu mmoja, nimeiegemeza ukutani."

Ofisi hiyo, ambayo mwandishi wa makala haya aliitembelea katikati ya wiki, ni chumba kimoja wanachotumia mawakili watatu. Majalada yamepangwa sakafuni kwa sababu kabati limejaa. Siku hiyo Kielelezo alikuwa na kesi nne, na zote nne ziliahirishwa. Alirudi kutoka mahakamani, akavua viatu, akakaa akiutazama ukuta. Mwenzake akamsogezea kipande cha mkate. Inaonekana ndivyo wanavyofarijiana humo ndani.

Mchezo huu wa jukwaani unahusu kesi iliyomfanya ajulikane, na ambayo yeye angependa isahaulike. Ni kesi ya Kocha.

Kocha alikuwa kipenzi cha mji. Aliichukua timu iliyokuwa ikifungwa na kila mtu, akaifanya iogopwe. Watu walimpisha kwenye foleni. Fundi wa pikipiki, kijana mwenye karakana karibu na uwanja wa mpira, alikuwa mmoja wa wachache wasiompenda. Alisema hadharani kwamba Kocha anawapanga watoto wa rafiki zake na kuwaacha nje wenye kipaji, akiwamo mdogo wake yeye fundi.

Jioni moja baada ya mazoezi, wawili hao walikutana nyuma ya jukwaa la watazamaji. Wakagombana. Fundi akaanguka, kichwa kikagonga ngazi ya saruji, na kabla ya kufikishwa hospitali akawa amekata roho.

Kocha alisema alimsukuma tu kwa hasira. Upande wa mashtaka ulisema alikwenda pale akiwa amedhamiria kuua. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya kufungwa miaka michache na kufungwa maisha.

Shahidi aliyekuwa amebeba kesi nzima ni kinyozi. Aliapa mbele ya jaji kwamba siku moja kabla ya tukio, Kocha alikuwa kwenye kiti chake akinyolewa ndevu, akasema kuhusu fundi: nitammaliza. Wakili wa utetezi alimhoji kinyozi asubuhi nzima na hakumtikisa. Watu waliosikiliza walitoka wakisema Kocha kwisha.

Kesho yake, wakati wanasubiri mahakama ianze, kinyozi alikuja kukaa karibu na wakili wa serikali kwenye korido. Hakuwa na la maana, alitaka tu kupiga soga. Akalalamika kwamba mkewe amemchachamalia kwa kufunga duka kwa ajili ya kesi, na kwamba mwaka ule alikuwa ameshalifunga wiki nzima alipokwenda kumzika baba mkwe wake mji wa mbali.

Kielelezo akampa pole. Kisha, kwa mazoea tu, akamuuliza msiba ulikuwa lini.

"Akanijibu vizuri kabisa," anakumbuka. "Akasema, wiki ile ile mama, hata nilivyorudi nilikuta fundi wetu ameshazikwa. Tukawa tunatazama sakafu."

Kama duka lilifungwa wiki ile, hakukuwa na kiti, hakukuwa na ndevu, na hakukuwa na neno lolote lililosemwa.

Kinyozi hakukana. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba fundi alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, na kwamba kila mtu mjini alijua Kocha anamchukia. Yeye alichofanya ni kusema kile ambacho wote walikuwa wanakijua. Alimwambia kama mtu anayeomba aeleweke.

Hapa sauti ya wakili inapanda kwa mara ya kwanza. "Unaona sasa? Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemkasirikia nikamaliza. Ni mtu mzuri aliyekuja kunisaidia, na amenichinja."

Alimtuma mpelelezi athibitishe kabla mahakama haijaanza. Jirani wa duka alisema ni kweli, duka lilikuwa na kufuli wiki ile. Utetezi hawakuwa na habari. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

Anasema hakuwaza sana kama atanyamaza au hatanyamaza. Alichokiwaza ni benchi la mwisho wa korido, alikokuwa amekaa mama wa fundi. Mama huyo, mshona nguo, hakuwahi kukosa siku hata moja ya kesi. Kielelezo aliona haifai asikie kwa mara ya kwanza ndani ya mahakama. Akamfuata, akakaa kando yake, akamweleza yote.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza: "Kwani wewe ni wakili wa nani?"

Akaendelea kwa maneno ambayo Kielelezo hayarudii. Anasema tu kwamba yalikuwa mazito, na kwamba askari wa mlangoni aligeuka akatazama pembeni.

Dakika chache baadaye wakili wa serikali alisimama akamweleza jaji kwamba shahidi wake mkuu amesema uongo, na kwamba upande wa mashtaka hauutegemei tena ushahidi huo. Hakupiga meza. Karani, ambaye bado yupo mahakamani hapo, anasema sauti yake ilikuwa ndogo mpaka jaji akamwomba arudie.

Kocha alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Amekwisha kutumikia kifungo na kuhama mji. Alipopigiwa simu kwa ajili ya makala haya alisema hana la kusema, akakata. Kinyozi alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, akapewa kifungo cha nje. Duka lake bado liko wazi.

Ungedhani upande mmoja ungemshukuru wakili. Haikuwa hivyo. Mashabiki wa timu walisema amemfunga shujaa wao bure. Jamaa wa marehemu walisema amehongwa. Gari lake lilitolewa upepo matairi yote. Shemeji yake alimuuliza, katikati ya chakula, amepewa nini na akina Kocha.

"Mji uligawanyika mafungu mawili," anasema, "na mafungu yote mawili yakakubaliana jambo moja tu, kwamba mimi ndiye tatizo."

Mumewe, mwalimu mstaafu, anasema nyumbani kesi haikutajwa, ila mke wake alianza kuhoji kila kitu. Sukari ikiisha, anataka kujua nani alikuwa wa mwisho kuifungua. Yeye mwenyewe alilazimika kubadilisha kinyozi kwa heshima ya mke wake, na anayemnyoa sasa, anasema akijipapasa kisogo, ni wa hovyo.

Ndiyo sababu, mwongozaji alipomfuata akimwambia anataka kuitengenezea kesi hiyo mchezo unaosimuliwa kwa macho ya wakili wa serikali, alikubali. Alifikiri angalau mara moja watu wataona jambo lilivyokuwa.

Kisha akasoma sehemu ya tatu ya mchezo.

Katika sehemu hiyo, uongo wa kinyozi unafichuliwa na wakili wa utetezi. Anamzungukazunguka shahidi, ngoma inapigwa kwa nyuma, kinyozi analia, na wakili wa serikali anabaki ameduwaa mdomo wazi. Korido haipo. Benchi halipo.

Jumamosi hii ndiyo zamu ya sehemu hiyo. Baada ya chai wanaiigiza yote, na inapoisha Kielelezo anamkabili mwongozaji. Kijana anajitetea kwa adabu. Anasema watazamaji wanataka kushangilia. Anasema mtu aliyelipa kiingilio hataelewa kwa nini wakili aivunje kesi yake mwenyewe huku akiwa anashinda, tena kwa maneno mawili matatu ya taratibu.

"Baba, hata mimi sielewi," wakili anamjibu. "Lakini ndivyo nilivyofanya. Katika kesi ile yote, hicho tu ndicho kilichokuwa changu. Ukikitoa, tafuta mtu mwingine umwandikie mchezo."

Anachukua mkoba. Mwigizaji anayemwigiza anabaki katikati ya jukwaa, hajui avue joho au aendelee kulivaa.

Hapo ndipo sauti inasikika kutoka nyuma ya ukumbi. Ni mama wa fundi. Mwongozaji alikuwa amemwalika aje kuona jinsi mwanawe anavyoigizwa, na ameingia kimya kimya, akakaa karibu na mlango, mkoba wake wa nyuzi na sindano mapajani. Ameona sehemu yote ya tatu.

"Haikuwa hivyo," anasema.

Anatembea taratibu mpaka mbele. Hamtazami wakili, anamtazama kijana wa miwani.

"Huyu ndiye aliyesema. Alianza kwangu, pale kwenye benchi, ndipo akaenda kwa jaji. Nilimtukana. Nilimtukania mpaka mama yake. Wekeni na matusi yangu."

Mama anaendelea, na safari hii sauti yake ni kavu zaidi.

"Sijamsamehe. Asije mtu akasema nimemsamehe. Lakini mwanangu ameshasemewa uongo mmoja, msimwongezee wa pili."

Kisha anamgeukia kijana anayemwigiza fundi na kumwambia ashike spana kwa mkono wa kushoto, maana mwanawe alikuwa shoto. Kijana anahamisha spana. Mama anaitikia kwa kichwa, anarudi kwenye kiti chake karibu na mlango, na kuwaambia waendelee.

Wakaendelea. Ngoma iliondolewa. Wakaleta viti viwili, wakavipanga kama benchi. Mwigizaji aliketi kando ya mwenzake anayemwigiza mama wa fundi, akasema maneno yake kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyemsimamisha.

Wakili wa serikali aliutazama mchezo akiwa amesimama kwenye njia ya katikati, mkoba ukiwa bado begani. Jumatatu ana kesi tatu, na tayari daktari mmoja ametuma ujumbe kwamba hatafika. Atastaafu mwakani. Kabla ya hapo anataka kila wakili mpya anayeletwa ofisini kwake apelekwe kwanza kukaa siku nzima kwenye korido na ndugu za marehemu, kabla ya kukabidhiwa jalada lolote. Ombi hilo amelipeleka kwa wakubwa, na hawajamjibu. Anasema atalipeleka tena.

Mchezo unafunguliwa mwezi ujao. Mama wa fundi ametengewa nafasi mbele, na mwongozaji ameuliza kama itafaa wawili hao wakae pamoja.

"Nitakaa atakaponionyesha yeye," anasema Kielelezo. "Akininyima kiti, nitasimama. Kusimama nimezoea."