Mama alivunjika nyonga, tukamhurumia mpaka mwisho

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijaitia chumvi, na wala sioni raha kuisimulia.

Ni miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani mitumba na redio za Dubai tele, lakini hospitalini hata glovu unanunua mwenyewe. Tulikuwa tunakaa Kikuyu, Dodoma. Mama aliteleza uani na ndoo ya maji. Nyonga ikavunjika.

Upasuaji mpaka Dar. Kaka Lameck, mkubwa wetu, akagoma. "Mama hafiki."

Basi akalazwa palepale hospitali ya Dodoma, mguu umefungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda.

Kitanda cha jirani alikuwepo Bibi Sechelela wa kijiji cha Zuzu, naye nyonga. Umri uleule. Wakawa mashoga.

Nesi alituambia sote: mgeuzeni, mkalisheni, na kamba ikitolewa asimame hata kama analia.

Binti wa Bibi Sechelela alilishika neno hilo. Bibi wa watu akipiga kelele, wodi nzima inageuka. Shangazi zangu wakisonya, "Huyu mtoto ana roho ya jiwe."

Kamba ilipotolewa, sisi tukamrudisha mama nyumbani. Nikasema tumsimamishe.

Kaka akanijibu mbele ya wote, "Wewe mdogo, nyamaza. Mama kahangaika maisha yake yote, mwacheni apumzike."

Mganga wa kuunga mifupa naye akaja na mafuta yake, akasema asiguswe.

Akapumzika kweli. Uji kitandani, haja kitandani. Kidonda kikaanza chini ya mgongo, kikachimba mpaka mfupa ukaonekana. Ile harufu, wakuu, acheni tu.

Siku moja kaka hayupo, mama akaniambia, "Ninyanyue."

Nikamkumbatia, nikavuta. Miguu haikumpokea kabisa. Akabaki ananing'inia shingoni, analia bila sauti.

"Basi, mwanangu. Nilaze. Mmechelewa."

Kifua kikambana, hakuchukua muda.

Msibani akaingia Bibi Sechelela, anachechemea na fimbo, lakini kwa miguu yake. Kaka alipomwona akatoka nje. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Nilichojifunza: mzee akivunjika nyonga, kumlaza tu ni kumzika taratibu. Najua wapo waliosimamishwa na bado wakaondoka. Ila wangu hakujaribiwa.

Mliouguza wazee, hebu niambieni: mama yako akikulilia umwache, ulipata wapi roho ya kuendelea?