Mashine Aliyoniletea Mkwe

Mimi ni mtu wa kushuku. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na mgonjwa akiniambia amemeza dawa zote, huwa naomba kuona karatasi ya vidonge. Kwa hiyo mkwe wangu alipoleta ile mashine katika zahanati yangu hapa Suna, sanduku jeusi zito lililobebwa na watu wawili, nilishukuru kwa adabu huku moyo ukisita.

Tulikuwa na kompyuta nne: mapokezi, maabara, chumba cha dawa na ofisini kwangu. Zote zilipaswa kusoma faili za wagonjwa kutoka mashine hiyo moja, ambayo mkwe wangu, fundi wa kompyuta, aliita seva. Alimweleza karani wangu kwamba prosesa yake, yaani ubongo wake, si kama ya kompyuta ya mezani. Imetengenezwa kuhudumia watu wengi kwa pamoja, usiku na mchana, bila kuchoka.

Siku za kliniki ya watoto nikaanza kuona vituko. Akina mama wamejaa kwenye benchi, watoto wanalia, sote wanne tunabonyeza, na mashine imekwama. Jioni wote wakishaondoka, nikiwa peke yangu, faili inafunguka hata kabla sijatoa kidole. Nikajiuliza, ni kitu gani hiki cha watu wengi kinachonipenda nikiwa peke yangu?

Ningemuuliza mwenyewe. Lakini kwetu Waluo, mama mkwe, tunayemwita maro, hakabiliani na mume wa binti yake. Hatuketi pamoja, hatutaniani, sembuse kumhoji kama mwizi wa kuku. Neno langu kwake hupitia kwa binti yangu, ambaye ameolewa Rodi Kopany. Basi nikawa napiga simu.

Jibu la kwanza lilichelewa sana. Yaliyofuata yalikuja haraka.

"Anasema server ni ya pole pole, Mama. Si ya mbio kama desktop."

"Na jioni mbona inakimbia?"

"Wacha nimuulize."

Kesho yake akapiga. "Anasema jioni inakuwa imepumzika."

Imepumzika! Mashine ileile isiyochoka. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Nikikosea, nitakuwa nimevuruga nyumba ya binti yangu. Nikiwa sahihi, basi ameolewa na mwongo. Sikupenda lolote kati ya hayo, na ndiyo maana sikumwambia mtu.

Nikakodi gari, nikaifunika mashine kwa leso ndani ya buti kama maiti, nikaipeleka Homa Bay kwa fundi mmoja mwanamke asiyejuana na ukoo wetu. Rodi tuliipita bila kusimama.

Fundi alifungua sanduku, akaondoa feni, akapangusa ile krimu ya kijivu iliyokuwa chini yake. Kilichotoka, ile prosesa yenyewe, kilikuwa kidogo kama biskuti. Kwenye droo yake akatoa kingine kilichomjaa kiganja, akaviweka pamoja mezani.

"Hii kubwa ndio ya server," akasema. "Ndani iko na vichwa mingi ya kufanya kazi. Kila moja haina mbio sana, lakini ziko mingi. Na memory yake ikikosea inajirekebisha. Hii yako ni ya desktop, ya mtu mmoja kwa ofisi. Ni ganda tu ndio ya server."

"Lakini jioni iko na mbio."

"Ya mtu mmoja, eeh. Mama, kwa matanga mnaleta mpishi mmoja mkali, ama mnaleta akina mama wengi na mafiga mingi?"

Nimepika katika matanga mengi, kwa hiyo sikuhitaji maelezo zaidi. Nilikuwa nimekasirika. Wakati wa kurudi nikamwambia dereva asimame Rodi.

Sikuingia kwa binti yangu. Mama mkwe haingii tu hivihivi. Nilimwita hadi langoni, nikafungua buti, nikamweleza yote.

"Majibu yake yote yalikuwa uongo," nikasema. "Leo nitasimama hapa mpaka arudi, mila au hakuna mila."

"Mama, si yeye alisema hayo." Alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi. Nilikuwa nasoma kwa simu, zingine natunga."

"Sasa kwa nini hukumuuliza?"

Akatazama barabara, upande ambao mume wake hurudi nao.

"Mara ya kwanza nilimuuliza," akasema.

Jua lilikuwa kali, na alikuwa amevaa sweta. Akavuta mikono ya ile sweta mpaka ikafunika vidole. Mimi, ninayeomba kuona karatasi za vidonge, nilikuwa nimeishuku mashine miezi yote hiyo.

Nikafunga buti.

"Ingia kwa gari," nikamwambia.