Kamba Iliyosokotwa Kinyume

Sikulazimishi uniamini. Lakini nimekaa mbele ya mama yangu mzazi nikaapa kwa msahafu, na mimi si mtu wa kuapa ovyo. Jambo hili limenifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, ufukweni Chovae. Wale wanaowatokea watu usiku nimezoea kusimuliwa habari zao. Huyu wangu alinijia na jua utosini.

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Kwetu ni Chovae, kisiwa cha Wabajuni, kusini ya Kismayo, Somalia, ila nilitoka huko mgongoni mwa mama vita vilipoanza, sikumbuki hata rangi ya mchanga wake. Mama anakumbuka kila kitu, hasa asubuhi ile ya kuondoka. Bunduki zilisikika, boti ikawa inajaa watu, na bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekwenda upande wa pili wa kisiwa kufukua makumbi yake ya nazi. Mama alipiga kelele za kumwita mpaka sauti ikakauka. Wakamwambia panda au baki. Akapanda.

Hawakuonana tena. Habari ya kifo cha bibi ilitufikia kambini, Kenya, na tangu siku hiyo mama anaamini kwamba alimtupa mzazi wake na kwamba hana radhi zake. Unajua uzito wa radhi kwetu? Sasa mama ni mzee, macho yamemfifia, maradhi hayamwachi, na kila akimaliza kusali analia kwa jambo hilo moja. "Nitakutana naye kwa uso gani?" ananiuliza. Wewe ungemjibu nini?

Basi mwaka huu nikajipa moyo nikasema nakwenda. Binamu zangu walioko Ulaya waliposikia wakanitumia orodha ndefu kuliko safari yenyewe: nipige picha msikiti wa kale, makaburi ya mawe, mikoko, vyakula, kazi za mikono, ili watoto wao wapajue kwao. Mama hakutaka picha. Aliniambia tu, "Ukifika kaburini kwake, niombee radhi."

Nilishuka Kismayo kwa ndege, nikavuka kwa boti ya mashine, nikapokewa na Bi Tima, mwenzake mama wa utotoni. Nitamshukuru mama yule mpaka naingia kaburini. Alinilaza kwenye kitanda chake, yeye akalala mkekani. Alinipikia kaa wa nazi na mkate wa mofa wa mtama, unaopikwa kwa kubandikwa ndani ya tanuri la udongo, na kila nikisema nimeshiba ananiongezea. "Mwembamba hivi, watasema Mombasa hakuna chakula," alisema. Siku ya kwanza alinitembeza kote. Nikaona kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe, nikaona mafundi wakitia pamba na mafuta kwenye nyufa za chombo kipya. Kaburini, alisema, tutakwenda kesho asubuhi, tukiwa na udhu na nafasi.

Upande wa pili wa kisiwa alinionyesha mashimo. Zamani wanawake walifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakaweka mawe juu, wakayaacha miezi mpaka yalainike, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Kila shimo lina mwenyewe. Hata binti wa mwenyewe hafukui bila kupiga hodi.

"Siku hizi kamba ni za nailoni, zinatoka Kismayo," alisema Bi Tima. "Lakini mashimo hatuyagusi. Wenyewe wengine wako Mombasa, wengine Ulaya, wengine chini ya mchanga. Hujui utamfukulia nani."

Niliitikia vizuri kabisa. Halafu siku ile ile adhuhuri, Bi Tima alipojinyoosha baada ya sala, nikachukua simu yangu nikarudi peke yangu. Kwenye orodha ilikuwa imebaki kazi za mikono, na mimi, mjinga wa mjini, nikaona itapendeza nikipiga picha shimo likiwa wazi. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikachagua shimo moja karibu na mikoko, nikaondoa mawe mawili, nikaingiza mkono kwenye tope.

"Ilo shimo ni la mchu." La mtu, kwa Kibajuni chetu.

Nilishtuka nikakaa kitako matopeni. Nyuma yangu alikuwa amesimama mwanamke mzee, kanga imefungwa kifuani, gongo la kupondea mkononi. Nilimwangalia miguu kwanza, ndiyo, sikuficha, maana tumeambiwa tangu utoto kwamba majini wana kwato. Ilikuwa miguu ya binadamu, ina vidole na ina tope.

"Nisamehe, bibi," nikasema. "Mimi ni mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

"Kwetu ni hapa hapa."

"Kama kwenu ni hapa, mbona hukupiga hodi?"

Niliona haya kama mtoto aliyekutwa jikoni, nikayarudisha mawe, nikasema hodi kwa sauti nikiwa nimeinamisha kichwa. Akacheka kidogo. "Karibu," akasema. "Ndoo ukae. Kula kichu kwanza." Yaani njoo, ule kitu.

Chini ya kivuli cha mikoko alikuwa na mkate wa mofa na papa mkavu aliyekamuliwa ndimu. Nilikula. Yeye hakula, na jua lile kali halikumtoa hata tone la jasho, lakini niamini, wakati ule sikuona ajabu. Nilijiona nimefika mahali nilipokuwa nikingojewa. Alifukua makumbi, yananuka vibaya, akayaponda mpaka zikatoka nyuzi safi za rangi ya asali, akaanza kusokota juu ya paja lake. Akanipa na mimi. Mkono wangu wa fundi ukataka kwenda kulia kama kawaida, akaushika akaugeuza. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Kwa shimo hili tunasokota hivi," akasema.

Nikamuuliza mwenye shimo yuko wapi.

"Alikuwa hapa asubuhi ile watu walipokimbia," akasema, mikono haisimami. "Alimsikia mwanawe akimwita. Angeweza kwenda. Lakini aliiona boti imejaa, akajua akijitokeza watamngoja, na wakimngoja watakufa wote na yule mtoto mgongoni. Akalala kifudifudi kwenye mikoko, akajiziba mdomo kwa kanga, mpaka boti ikapotea."

Nilikuwa nalia na sijui kwa nini nalia.

"Hakuachwa, mwanangu," akasema. "Yeye ndiye aliyewaacha wende. Na radhi aliwapa pale pale, boti haijafika mbali. Mpelekee mamako."

Nikainama kujifuta machozi kwa ukingo wa buibui. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Shimo lilikuwa limefungwa, mawe yote yamekaa juu yake, yameota chaza kana kwamba hayajaguswa miaka na miaka. Nyayo zilikuwa zangu tu. Na mkononi nilikuwa na kamba ya urefu wa dhiraa moja.

Nilikimbia. Nilimwekea Bi Tima kamba mapajani. Aliipapasa, kisha akaivuta.

"Imesokotwa kinyume," akasema. "Kisiwa hiki aliyesokota hivi ni mmoja, maana alitumia mkono wa kushoto. Kamba yake ilikuwa haiungiki na ya mtu mwingine, tulikuwa tukimcheka. Alikufa kwa homa, tukamzika sisi, mvua za mwaka ule ule wa vita." Kisha akaniuliza kwa upole, "Alikupa chakula?"

"Alinipa."

"Basi hakukasirika."

Kesho yake tukaenda kaburini. Nilisoma Yasini, na badala ya kuomba radhi nikajikuta nasema ahsante, ahsante tu, mpaka Bi Tima akaniinua kwa mkono.

Mombasa sikusimulia kwanza. Nilimwekea mama kamba kiganjani. Haoni vizuri, kwa hiyo aliisoma kwa vidole, kutoka ncha hii hadi ile, na nilimwona uso ukibadilika. "Hii ya mama," akasema. Ndipo nikamweleza yote. Alinitaka nirudie pale pa kanga mdomoni, nikarudia mara tatu. Usiku ule alilala mpaka alfajiri, na mpaka leo akimaliza kusali halii. Kamba iko chini ya mto wake.

Mimi mkono wangu haujarudi. Nikizungusha uzi, unakwenda kushoto wenyewe, na wateja wanashangaa. Jua likifika utosini vidole vyangu vinanuka tope la pwani, hata nikiviosha kwa sabuni gani. Sijali.

Ila wewe unayekwenda kwenu na simu na orodha, nakuonya: usiguse kitu kabla ya kupiga hodi, hata kama unaona hapana mtu. Na ukifika Chovae adhuhuri, maji yamekupwa, ukamkuta mwanamke anasokota kamba kwa mkono wa kushoto, usimuulize jina. Kula anachokupa, kisha mwambie kwamba radhi zimefika.