Siku Tuliyowaamkia Watu Wote wa Uwanja wa Makumbusho

Enzi zetu kule Shume milimani, kuamkia watu ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Vijana wa siku hizi wanaoinua kidevu na kusema "mambo" wasingemaliza wiki. Sisi wasichana tulipiga goti, mzigo wa kuni ukiwa kichwani, tukasema shikamoo, tukangoja marahaba, kisha tukangoja maswali: mama hajambo, ng'ombe amezaa, maharage yametoa maua? Ukijaribu kumkwepa mtu mzima kwa kupita nyuma ya migomba, habari zilifika nyumbani kabla yako, na wala hatukuwa na simu.

Nililelewa na bibi mzaa mama, mkulima wa maharage na Mlutheri wa benchi la mbele. Nilipokuwa darasa la sita nilifanya kosa la kumweleza kwamba Mwalimu Singano ametufundisha kuwa dunia inazunguka. Bibi alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini.

"Ingekuwa inazunguka," alisema, "shamba langu lingekuwa limeshamwagikia Mombo kule bondeni."

Ungeliona shamba lenyewe lilivyoning'inia kwenye mteremko, ungemwelewa. Nilijaribu kueleza zaidi, nikaharibu zaidi. Bibi akakata shauri kwamba mwalimu wetu ni mwongo, na mjukuu wake hatafundishwa na waongo. Nikimaliza la saba ningebaki shambani, hata kama nimechaguliwa kwenda sekondari. Nililia siku mbili nikikata majani ya ng'ombe, kwa sababu bibi hakuwa mtu wa kubadili neno.

Mwalimu Singano aliposikia hakukasirika. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kaunda suti moja ya kijivu, na aliamini elimu ya kujitegemea kiasi kwamba somo la sayansi mara nyingi lilikuwa kupalilia viazi vya shule. Alikuja nyumbani, akamwamkia bibi kwa heshima zote, akamweleza kwamba Dar es Salaam kuna jumba la makumbusho, na ndani yake kuna tufe la dunia kubwa kuliko pipa. Lina taa pembeni, na ukizungusha mpini unaona mchana na usiku vinavyopishana. Darasa letu lingekwenda kuliona.

Bibi alifikiri kidogo. "Huyu akiliona kwa macho yake, ataendelea na shule," alisema. "Asipoliona, mwalimu, usirudi hapa."

Tulisafiri juu ya kabichi, katika lori la ushirika, tukiimba nyimbo za ujamaa mpaka sauti zikakauka. Tulikuwa ishirini na wanane. Tulifika Dar es Salaam tukinuka kabichi, tumevaa masweta ya sufu, maana sare ni sare, na joto la pwani halikuandikwa kwenye sheria za shule. Kesho yake karibu na saa sita mchana tulisimamishwa mbele ya jumba, mstari mmoja, jasho linatutiririka.

"Watu wa mjini wanadhani sisi wa milimani hatujui lolote," alisema Mwalimu Singano. "Leo wataona adabu. Mtu mzima yeyote msimpite bila kumwamkia. Na sitaki shikamoo ya jumla. Kila mtu apewe yake."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuponza. Mbele ya jumba palikuwa na uwanja mpana uliosakafiwa, nao ulijaa watu: wauza kahawa, wapiga picha na kamera zao za miguu mitatu, makarani waliotoka ofisini kula, wazee wanacheza bao, kina mama na makapu yao. Mlango tuliuona kabisa upande wa pili. Mwalimu alitangulia akaenda kutusubiri pale.

Wa kwanza kupatikana alikuwa muuza kahawa. Alipata shikamoo ishirini na nane, moja moja. Ya kwanza aliiitikia akicheka. Ya kumi aliweka birika chini. Kufikia ya ishirini alikuwa anatikisa kichwa tu, lakini sisi hatukusogea mpaka marahaba ikamtoka kinywani. Karani mmoja aliyeona kinachokuja alijaribu kuondoka kwa haraka. Wasichana wawili walimfuata hadi ng'ambo ya barabara, wakapiga goti, wakarudi kwenye mstari wakihema.

Kisha mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu watu waliona raha. Wazee wa bao waliacha mchezo, wakajipanga. Wengine tuliokwisha kuwaamkia walizunguka nyuma wakaja tena kama wageni. Fundi viatu mmoja, Mbondei, jirani wa milima yetu, alituuliza kila mmoja habari za mvua na za wazazi, halafu akajifuta macho kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. Alisema tangu ahame kwao hajaamkiwa hivyo. Tulimwonea huruma, tukamwamkia mara ya pili.

Mimi peke yangu nilikuwa naangalia mlango. Sekondari yangu ilikuwa mle ndani, karibu na mpini wa tufe. Mwishowe nilitoka kwenye mstari nikaanza kukimbia, na ningefika, isipokuwa kwenye ngazi alikaa mama muuza karanga. Aliniangalia. Magoti yakajikunja yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa kwa nani?"

Nikamweleza. Alitaka kujua ukoo wote, nami nilikuwa nimelelewa vizuri, kwa hiyo nilimpa ukoo wote. Tulipofika kwenye jina la mama yake bibi, jua limeshainama, askari wa mlangoni alitoka na funguo. Naye alikuwa mtu mzima. Tulimwamkia, wote ishirini na wanane.

"Marahaba," alimwitikia wa mwisho wetu, akafunga kufuli.

Dereva wa lori hakutaka kungoja kesho. Njiani wenzangu walinishauri niseme nimeliona, ni kubwa kuliko pipa, lina taa. Nilifanya mazoezi ya uongo huo kuanzia Korogwe hadi nyumbani. Lakini nilipomkuta bibi mlangoni, ungo mkononi, uongo ukanikimbia.

"Umeliona?"

"Hatukuingia, bibi. Tulikuwa tunaamkia watu mpaka wakafunga."

"Na mwalimu alikuwa wapi?"

"Mlangoni. Alikuwa anatungoja."

"Hakuwaambia muwapite?"

"Hakutuambia. Alikuwa anaangalia saa yake tu."

Bibi alirudi kupepeta maharage. Alipepeta muda mrefu, nami nikasimama pale nikiliona jembe langu la maisha yote limeegemea ukuta.

"Mtu mwenye adabu ya hivyo hawezi kunidanganya," alisema mwishowe. "Basi itakuwa inazunguka. Ila polepole."

Kesho yake alinituma kwa Mwalimu Singano na kikapu cha maharage. Mimi nikaenda sekondari, nikawa mwalimu wa jiografia, na kila nilipofundisha mzunguko wa dunia niliongeza neno "polepole", wanafunzi wasijue kwa nini.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu kwenye uwanja ule. Ni msafi zaidi sasa, una viti na maua. Vijana walijaa, kila mmoja ameinamia simu yake, masikio yameziba. Niliuvuka mzima kwa dakika moja, bila mtu kuniuliza mimi wa kwa nani, na nikaumia kuliko nilivyotarajia. Enzi zetu tulikosa jumba tukapata watu. Hawa wanaliona jumba lote, na picha wanapiga. Mjukuu wangu aliniaga kwa kidole gumba akakimbilia ndani.

Pembeni alikaa mzee mmoja na birika la kahawa, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Magoti yangu hayajikunji tena vizuri, lakini niliinama nikampa shikamoo yake. Aliweka birika chini, akavuta kiti.

Mjukuu alirudi mbio. "Bibi, kuna dunia inazunguka mle ndani! Njoo uione, wanafunga."

Nikamwambia angoje. Mzee alikuwa bado hajaniuliza habari za ng'ombe.