Mazoezi ya Kuwa Mimi Mwenyewe

Baba yangu ni dereva wa watalii. Anaondoka Karatu ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya kahawa, anashuka kreta, lile shimo kubwa lenye wanyama, na jioni anarudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kazi yake ni kutafuta. Madereva wote hutafuta pamoja, kwa redio za magari, kwa lugha ambayo wageni hawaijui: simba dume wanamwita sharubu, chui wanamwita madoa, na anayemwona kwanza huwaita wenzake. Nilipokuwa darasa la tano waliongeza mnyama mpya. Walimwita miwani. Miwani alikuwa profesa.

"Miwani yupo, miwani yupo," redio ilikoroma. "Jike, mtu mzima kidogo. Yuko bwawa la viboko, anakula."

Basi kila Landkruza iliyokuwa na dereva mwenye mtoto shuleni iligeuza njia. Wageni waliokuwa ndani waliambiwa kwamba huenda upande ule kuna faru.

Yote yalianza na mgeni mmoja aliyemweleza baba kwamba kwao kuna vyuo ambavyo wanaobisha hodi ni umati na wanaofunguliwa ni wachache mno. Wazazi wenye akili, alisema, hawangoji kidato cha sita. Huanza kumwandaa mtoto angali na meno ya utoto. Jioni ile baba aliniita kwenye mwanga, akaniambia nifungue mdomo, akachungulia kwa makini kama anayenunua punda. Meno ya utoto yalikuwa yameshang'oka.

"Tumechelewa," alimwambia mama.

Tangu siku hiyo kila mgeni alitoa ushauri, na baba aliuleta nyumbani pamoja na maboksi ya chakula yaliyobaki. Tulikula ndizi za wageni huku tukisikiliza. Mmoja alisema vyuo vile vinataka mtoto kiongozi, nikawa mwenyekiti wa klabu ya mazingira yenye wanachama wawili, wa pili akiwa mama. Mwingine alisema vinapenda mtoto aliyepitia magumu, ila yasiwe magumu mno. Baba alimgeukia mama.

"Huyu amewahi kupitia magumu?"

"Aliugua tetekuwanga."

"Tetekuwanga haitoshi, mama nanihii. Fikiria vizuri."

Kisha ukaja ushauri mkubwa kuliko wote. Miwani mmoja alisema siri ni mtoto awe yeye mwenyewe. Baba aliupokea kama alivyoupokea mwingine wote, yaani kama jambo la kufanyiwa mazoezi. Kila Jumamosi baada ya kufua nilikaa sebuleni nikifanya mazoezi ya kuwa mimi mwenyewe. Baba alivaa miwani ya kusomea ya mama, akakunja miguu kizungu.

"Unapenda nini?" aliuliza.

"Kusoma hadithi, na kukaa jikoni kwa bibi akipika makande."

Alivua miwani, akapumua. "Hapana. Kuwa wewe mwenyewe vizuri zaidi."

Rafiki yake mkubwa alikuwa dereva mwenzake, Mmaasai wa Malambo, mwenye binti wa umri wangu aliyekuwa kwenye mbio zile zile. Siku moja walikuwa wakila ugali kwetu, baba akalalamika.

"Shida ni kwamba sisi Wairaqw wazungu hawatujui. Binti wa ukoo wa wakulima wa mbaazi, nani atamkumbuka? Nyinyi mna mbuzi, mna shuka, mna kila kitu!"

"Kaka, wewe umelala," rafiki yake akasema. "Miwani wa wiki iliyopita kaniambia habari za wachungaji wamezisoma mpaka wamechoka. Sasa hivi wanataka Mmaasai anayepiga kinanda."

Niliwaona wakitazamana kama watu wawili mnadani, mmoja na beberu wake, mwingine na gunia lake la mahindi. Likizo ya Desemba ilipofika, wakabadilishana. Binti yake aliletwa Karatu kujifunza kinanda cha kanisani kwetu. Mimi nilipelekwa Malambo kuchunga.

Malambo ilikuwa nyeupe kwa jua. Niliinamisha kichwa mbele ya bibi wa boma, wanayemwita koko, akanigusa utosi. Mkwewe, mama wa yule binti, alinikaribisha kwa Kiswahili.

"Umekuja kufanya nini, mwanangu?"

"Kuchunga mbuzi."

"Kwani kwenu hakuna mbuzi?"

"Wapo, lakini wamefungwa kamba."

"Sasa wa kwetu utawachunga ili iweje?"

"Ili niende chuo, Marekani."

Mama yule alimtafsiria koko kwa Kimaa. Koko alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la shuka, kisha akaagiza nipewe vitoto vya mbuzi visivyotoka karibu na boma, kazi ya mtoto ambaye hajaanza shule. Hata hivyo vilinishinda. Jioni vilirudi vyenyewe, mimi nikivifuata nyuma.

Rafiki ya baba alikuja kunipiga picha. Nilishika fimbo, nikaambiwa nitazame mbali. Nje ya picha walisimama wachungaji wenyewe, wamejazana, wakiuliza kwa sauti: "Anaangalia nini? Kule si hakuna kitu?"

Niliporudi Karatu nilimkuta mwenzangu amejua wimbo mmoja tu wa kanisani, tena nusu. Lakini alikuwa amesoma vitabu vyangu vyote vya hadithi, na kila siku alikaa jikoni kwa bibi akila makande. Sijawahi kumwonea mtu wivu kiasi kile.

Kabla shule hazijafunguliwa, redio ilimtangaza miwani mkuu: mama aliyekaa mlangoni kabisa mwa vyuo vile, ambaye kazi yake ni kusoma maombi na kusema huyu ndiyo, huyu hapana. Tena alikuwa mgeni wa rafiki ya baba! Tulishushwa kreta sote wawili, mimi nimevaa shuka, mwenzangu gauni la Jumapili na kitabu cha nyimbo kifuani. Baba alimpita simba kando ya njia bila kumtangaza redioni, na hapo nilielewa kwamba kwake huu haukuwa mchezo.

Pale bwawani kuna mwewe. Hakuna dereva asiyewaonya wageni wake wasile nje ya gari. Ni jambo la kwanza wanalosema, kabla hata ya kusema viboko wako wapi. Siku ile rafiki ya baba, kwa kiherehere, alisahau. Mama yule alisimama nje na paja la kuku mkononi, akitutabasamia. Kivuli kikapita. Alibaki ameshika hewa.

Tulicheka. Tulicheka mpaka tukashikana, shuka ikanivuka begani, kitabu cha nyimbo kikaanguka matopeni.

"Acheni!" baba alinong'ona kwa ukali. "Siyo sasa! Kuweni nyinyi wenyewe!"

Tukajifuta machozi, tukasimama wima. Yule mama naye alikuwa akicheka bado. Akatuuliza tunapenda nini.

"Kuchunga mbuzi," nilisema kwa Kiingereza cha Jumamosi.

"Kupiga kinanda," alisema mwenzangu.

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesikia wimbo anaoamshwa nao kila asubuhi, kisha akageuka kuwatazama viboko.

Miaka ikapita, tukaomba kweli nafasi kwenye vyuo vile, mimi na mwenzangu. Majibu yalikuja kwenye simu, yote mawili yakisikitika. Yangu niliyasoma nikiwa kiti cha mbele garini kwa baba, tukishuka kreta kumfuata mgeni. Nilimwonyesha. Aliyasoma mara mbili. Redio ikakoroma, maana madereva wote walijua ni wiki ya majibu.

"Vipi, mzee? Chuo kimeonekana?"

Dereva wa watalii hamwambii mgeni kwamba mnyama hayupo. Baba alikichukua kipaza sauti.

"Kilikuwa hapa hapa asubuhi," alisema. "Kimeingia nyasi ndefu."

Ikaja sauti ya rafiki yake: "Hata cha kwangu, kaka."

Baba alirudisha kipaza sauti mahali pake. Akakata kona mbili.

"Pole, mwanangu," alisema. "Sasa wewe unapenda nini?"

"Kusoma hadithi. Na kukaa jikoni kwa bibi akipika makande."

Nilingoja anisahihishe.

"Makande yake ni matamu," alisema. "Ila chumvi huwa anazidisha."