Wimbo wa Mama Ndani ya Disketi

Baba yangu, Cornelius Shitsama, alifundisha darasa la tatu kule Iguhu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote sikumsikia akisema "labda". Ukimuuliza kama mvua itanyesha, itanyesha. Isiponyesha, kosa ni la mvua.

Alikuwa na ukulele, ambayo sisi nyumbani tuliiita kagitaa. Sista mmoja Mzungu aliyefundisha chuo cha walimu alimwachia siku aliporudi kwao, na baba, ambaye hakuwahi kuona nyingine, akajifunza mwenyewe. Kamba za asili zilipokatika alifunga mshipi wa kuvulia samaki alioununua Mumias, kamba nne za unene mmoja. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba si sawa, na hata angekuwepo asingesikilizwa.

Nyimbo za furaha alizipiga popote, harusini, kwenye kipaimara, hata sokoni akingoja zamu yake kwa kinyozi. Wimbo wa msiba ulikuwa jambo jingine. Katika ukoo wetu wimbo wa msiba haupigwi pasipo maiti. Ukiupiga bure, unaita mtu wa kufa, na anayeitwa huitika. Mama yetu, Alice, alipofariki mwaka 1989, baba alimtungia wimbo usio na maneno, akaupiga siku tatu kando ya jeneza mpaka vidole vikachubuka. Tulipomzika mama tukauzika na wimbo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nikabaki na mwanzo wake tu, na kila nilipojaribu kuendelea nilijikuta nimeingia kwenye wimbo wa kanisani. Iliniuma kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Januari 1997 baba akapata kiharusi. Ni chepesi, tuliambiwa, na kweli baada ya wiki mbili alikuwa anatembea na kugombana na majirani kama kawaida. Lakini mkono wa kushoto, ule unaobonyeza kamba, haukurudi sawa. Mwezi wa tatu alikuwa anaangusha kijiko. Mwezi wa tano nilimkuta amekaa kitandani na shati wazi, vifungo vimemshinda, naye amekataa kuita mtu. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Baba, ule wimbo wa mama, uko nao kichwani?"

"Kichwani sina. Iko kwa vidole."

"Basi nipigie mara moja tu, niandike."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Kama hakuna, hatupiganga."

Nilimwambia kwamba hata padri hakubaliani na mambo hayo. Akanijibu kwamba padri si Mwidakho kama sisi. Nikatoka nikabamiza mlango, mwanamke mzima wa miaka ishirini na mitano.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa mjini Kakamega, katika ofisi ya Bwana Wanjala. Tuliandika barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Fundi wetu wa kompyuta, Kipkemboi, alipenda gitaa kuliko kazi yake, na siku moja akaniachia disketi yenye programu ya kuandikia muziki. Kwenye skrini ilichora mistari sita, mstari mmoja kwa kila kamba, na juu ya mistari unaweka namba za mahali pa kubonyeza.

"Hii haiandiki sauti, dada," akasema. "Inaandika vidole."

Usingizi ulinipotea kwa sababu ya maneno hayo. Vidole bila sauti! Jumapili nilienda Iguhu nikamweleza baba kwamba ataweka mkono wa kushoto tu, wa kulia utakaa mfukoni, na hakuna kitakacholia. Alifikiri wiki nzima. Jumapili iliyofuata akakubali, kwa sharti moja.

"Hiyo mashine isiimbe."

"Haitaimba, Baba." Hata niliapa, bila kuulizwa.

Kuitayarisha programu kulinilia saa zangu zote za chakula cha mchana. Mistari sita nikaipunguza ikawa minne. Kisha ikataka kujua kila kamba ni sauti gani. Baba alikuwa amenitajia kwa namna ya shuleni, kuanzia kamba iliyo karibu na kidevu: so, do, mi, la. Nikazigeuza kuwa herufi. Lakini kila herufi ilidai na namba pia, na kadiri namba ilivyokuwa ndogo ndivyo sauti ilivyokuwa nene. Kwa gitaa, Kipkemboi alisema, kamba ya juu ndiyo nene kuliko zote. Kwa hiyo so nikaipa tatu, zilizobaki nikazipa nne, nikajipongeza.

Jumamosi mchana, ofisi ikiwa tupu, baba alikuja amevaa koti, kagitaa kwapani. Aliketi kando yangu, mkono wa kulia akaukalia, maana mfuko hakuuamini. Kidole cha shahada kikaenda mahali pake, cha kati kikafuata. Cha pete kilitetemeka njiani kama mlevi anayetafuta mlango. Nilisoma, nikaandika. "Ya pili, tatu. Ya kwanza, wazi," alinong'ona, kamba kisha namba yake, wazi ikiwa haibonyezwi, na kichwa chake kikatikisika kunionyesha urefu wa kila pigo. Mara mbili kidole cha mwisho kiligoma kabisa, akakisukuma kwa kidevu. Sikuweza kumtazama usoni. Saa mbili na nusu zilipita hivyo, hadi akafumba macho na kusema, "Imeisha."

Akaomba maji ya kunawa uso, nikamwelekeza bombani nyuma ya jengo.

Hapa sina la kujitetea. Niliusikia mlango wa nyuma ukifungwa, nami nilikuwa nimengoja miaka minane. Nikabonyeza kitufe cha kuimbisha.

Kompyuta ililia kama saa ya mkononi, sauti nyembamba isiyo na huruma. Mwanzo niliutambua, na machozi yakanitoka. Halafu wimbo ukapinda. Kila uliporudi kwenye kamba ya juu ulianguka chini, mahali ambapo mama hakuwahi kuwapo. Nilipogeuka, baba alikuwa mlangoni, uso ukitiririka maji. Aliusikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane, na ningefurahi angenitukana.

"Huyo si Alice," akasema.

"Baba, nisamehe."

"Hiyo so umeifanya ya mwanaume. Yangu iko juu, jirani ya la. Ndiyo maana hakuna mtu ameitwa. Shukuru Mungu."

Nikaona kosa langu pale pale. Ilikuwa namba moja tu, tatu iwe nne. Nikashika kibodi nirekebishe, nikamwambia itachukua sekunde moja, mama atakuwa kamili.

Akaweka mkono wake ule mbovu juu ya wangu. Haukuwa na nguvu ya kunizuia, lakini ulinizuia.

"Acha hivyo. Ikiwa na kosa, inalala. Siku kutakuwa na maiti nyumbani, hapo utarekebisha."

"Maiti gani?"

Akanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama watoto wa darasa la tatu waliojua jibu na hawataki kulisema.

"Sitaki," nikasema. Nililia kwa hasira. "Niliutaka wimbo wa mama, Baba. Sikukuomba wako."

"Hutaki, lakini utafanya. Mimi mwenyewe sitaweza kujipigia. Chukua karatasi uandike, usije ukasahau ni kamba gani."

Nikavuta karatasi nikaandika, kwa mwandiko ule mzuri wa kazini, kamba ipi, namba ipi, siku gani. Maagizo ya mazishi ya baba yangu, naye amekaa ubavuni pangu akiniuliza kama kuna chai iliyobaki.